Mialoni Iliyodumaa Migongoni mwa Appalachia: Kwa Nini Mti Mkongwe Hubaki Mfupi

Mwaloni mwekundu, ambao wataalamu huuita Quercus rubra, ni miongoni mwa miti mirefu ya misitu ya mashariki mwa Marekani. Katika mabonde yaliyokingwa ya Appalachia ya kusini, yaani sehemu ya safu hiyo ya milima inayopita North Carolina, Tennessee na Virginia, shina lake hunyooka na kupita mita 30. Lakini ukiufuata mteremko uleule hadi kwenye mgongo wa mlima, kati ya mita 1,100 na 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari, unaikuta spishi ileile ikiwa imejikunja, matawi yake yakianzia karibu na ardhi, na mara nyingi kimo chake hakifiki mita 12. Miti imeachana kiasi cha kuruhusu nyasi na kangaga kutanda chini yake, na wenyeji wa milima hiyo huyaita maeneo ya namna hii mashamba ya mitufaha, kwa kuwa yanafanana na shamba la matunda lililozeeka bila kupogolewa. Katika uainishaji wa uoto wa asili wa North Carolina, uliotayarishwa na Michael Schafale na Alan Weakley mwaka 1990, msitu wa mwaloni mwekundu wa milimani umepewa nafasi yake kama jamii ya pekee.

Anayeuona msitu huo kwa mara ya kwanza kwa kawaida huwa na jibu tayari: huko juu kuna baridi, au udongo ni duni, au miti bado ni michanga. Majibu mawili ya kwanza yana ukweli ndani yake ila hayatoshi, na la tatu si kweli hata kidogo. Hoja ya makala haya ni kwamba ufupi wa mialoni hiyo si ugonjwa, wala si hatua ya njiani kuelekea msitu mrefu. Ni hali inayotengenezwa upya kila mwaka na umbo la mgongo wa mlima, na mambo yaleyale yanayoubana mwaloni ndiyo, kwa sehemu kubwa, yanayouwezesha kubaki pale bila kunyang'anywa nafasi na miti mingine.

Baridi haimalizi hesabu

Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzijoto 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda. Kila mti una kiwango cha joto ambacho chini yake seli za kambiamu, yaani tabaka jembamba chini ya gome linalozalisha mbao, haziwezi kugawanyika na kukomaa, hata kama majani yametengeneza sukari ya kutosha. Mtaalamu wa mimea Christian Körner wa Basel, Uswisi, alipolinganisha milima ya mabara mbalimbali alionyesha kwamba mpaka wa juu wa miti duniani hukaribia mahali ambapo wastani wa joto la msimu wa kukua ni nyuzijoto 6 na ushei. Appalachia ya kusini haifikii mpaka huo. Mlima Mitchell, ambao ndio mrefu kuliko yote mashariki mwa Mto Mississippi, una mita 2,037 tu, na wastani wa joto la mwezi Julai kileleni pake unazidi nyuzijoto 14. Milima hiyo ingelazimika kuinuka mamia ya mita zaidi kabla baridi haijaifukuza miti.

Zaidi ya hayo, juu ya ukanda wa mialoni, kuanzia mita 1,600 hivi, hukua misitu ya miti ya jamii ya misonobari, Picea rubens na Abies fraseri, ambayo penye kinga hunyooka bila shida. Mtu anaweza kusema kwamba hizo ni spishi nyingine zenye uvumilivu mwingine, na atakuwa na haki. Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa mwaloni wenyewe: katika mwinuko uleule, mahali ambapo mgongo unatoa kijibonde kidogo kilichopewa kisogo na upepo, mialoni hurefuka kuliko ile iliyo juu ya ukingo, umbali wa dakika chache kwa miguu. Joto halijabadilika kiasi hicho kati ya sehemu hizo mbili. Kilichobadilika ni umbo la ardhi. Mwanaikolojia Robert Whittaker aliliweka jambo hili wazi mwaka 1956 alipochapisha uchambuzi wake wa uoto wa Great Smoky Mountains, sehemu ya Appalachia iliyo mpakani mwa North Carolina na Tennessee, ambamo aliipanga misitu kwa mihimili miwili, mmoja wa mwinuko na mwingine wa nafasi ya mahali, kuanzia bonde lenye unyevu hadi mgongo ulio wazi, akaona kwamba kila spishi hujipanga kwa namna yake juu ya mihimili yote miwili. Anayetazama mwinuko peke yake anasoma nusu ya ramani.

Afrika Mashariki haina mialoni ya asili, kwa sababu jenasi ya Quercus barani Afrika haivuki Sahara kuja kusini, na wengi wetu tunaujua mti huu kutokana na mialoni ya Mamre katika kitabu cha Mwanzo. Hata hivyo jambo lenyewe tunalo. Katika milima ya Uluguru, migongo iliyo juu ya mita 2,000 ina misitu mifupi iliyofunikwa na kuvumwani na ukungu, ilhali kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, katika mwinuko uleule au hata zaidi, mikulo na mipodo husimama ikiwa mirefu. Mlima mkubwa hujikusanyia joto lake na kuisukuma mikanda ya misitu juu zaidi. Mlima mwembamba uliosimama peke yake, ukipigwa na hewa yenye unyevu kutoka baharini, huishusha. Uwiano mwingine ni wa kibotania. Chini ya mialoni ya Appalachia hutawala vichaka vya familia ya Ericaceae, hasa rododendroni, Kalmia latifolia na spishi za Vaccinium, na ni familia hiyohiyo inayoshika ukingo wa juu wa misitu ya Kilimanjaro na Rwenzori kupitia miti ya Erica.

Upepo, barafu na mti unaojifupisha

Hewa inayosafiri ikikutana na mlima hulazimika kupita juu yake, na inapobanwa juu ya mgongo huongeza kasi. Kwa sababu hiyo mgongo hupata upepo mkali kuliko bonde, na mara nyingi kuliko hata uwanda ulio wazi. Athari ya kwanza ya upepo huo haihusu kuvunjika kwa kitu chochote. Mmea unaotikiswa mara kwa mara hubadilisha ukuaji wake wenyewe: hupunguza kurefuka na huongeza unene wa shina. Mark Jaffe aliliita jambo hili thigmomofojenesi mwaka 1973, na tangu hapo limeonekana katika mimea mingi, kuanzia maharage hadi miti mikubwa. Lina mantiki ya kiuhandisi, kwa kuwa nguvu inayoupinda mti kwenye kitako chake huongezeka kadiri mti unavyorefuka, na kadiri kilele kinavyofika kwenye hewa yenye kasi zaidi. Mti mfupi wenye shina nene ni mti uliopunguza hatari yake mapema.

Athari ya pili huangukia matumba. Wakati wa baridi upepo huyakausha matumba ya upande unakotokea, na chembe za barafu huyasugua, kiasi kwamba matawi mengi yanayofanikiwa huelekea upande wa pili, na miti ya mgongo mzima huonekana kana kwamba imechanwa kwa kitana kimoja.

Athari ya tatu, ambayo kwa maoni yangu haipewi uzito inaostahili na wengi wanaoandika juu ya miti ya milimani, ni barafu yenyewe. Migongo hii hukaa ndani ya mawingu siku nyingi za mwaka. Matone ya wingu yanaweza kubaki maji hata chini ya nyuzijoto sifuri, na yakigusa tawi huganda papo hapo, yakijenga tabaka jeupe linaloukulia upepo. Kuna pia mvua inayoganda inapotua, ambayo hulivika kila tawi kioo kizito. Tawi likizidiwa hukatika. Mwaloni una matumba yaliyolala chini ya gome kwa miaka mingi, na kilele kikivunjika baadhi yake huamka na kuchipua pembeni. Chipukizi moja hushika uongozi, hukua miaka kadhaa, kisha nalo huvunjwa. Kila kona katika shina la mwaloni wa mgongoni ni alama ya kilele kilichopotea na kingine kilichochukua nafasi yake. Kimo tunachokiona, kwa hiyo, si mahali ambapo mti uliamua kukoma, bali ni tofauti kati ya kilichoongezwa katika miaka myema na kilichokatwa katika miaka mibaya.

Deni la kila majira ya kuchipua

Maelezo hayo yangetosha kama miti yote ya milimani ingekuwa na muundo mmoja wa ndani. Haina, na hapa ndipo mwaloni unapotofautiana na jirani zake wengi.

Ukikata shina la mwaloni na kulitazama kwa makini, hata bila kioo cha kukuzia, utaona kwamba kila pete ya mwaka huanza na mstari wa vitundu. Vitundu hivyo ni mirija ya maji, yenye kipenyo cha takriban robo ya milimita na wakati mwingine zaidi, ambayo mti huijenga mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Baadaye katika kiangazi hujenga mirija myembamba ndani ya mbao nzito. Faida ya mrija mpana ni kubwa kupita inavyodhaniwa, kwa kuwa kiasi cha maji kinachopita hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo: mrija wenye upana maradufu hupitisha maji mara 16 kwa msukumo uleule. Ndiyo sababu mwaloni unaweza kulisha taji pana kwa mirija michache.

Gharama hulipwa wakati wa baridi. Maji yanapoganda, hewa iliyoyeyuka ndani yake hutengwa na kuwa mapovu. Barafu ikiyeyuka ndani ya mrija mwembamba, mapovu huwa madogo na hurudi kuyeyuka majini. Ndani ya mrija mpana huwa makubwa, na mara tu maji yanapoanza kuvutwa na majani, povu hupanuka na kuukata mfululizo wa maji, na mrija huo hauna kazi tena. Kwa mwaloni uliopitia majira ya baridi yenye kuganda na kuyeyuka mara nyingi, karibu mirija yote mipana ya mwaka uliopita huwa imekufa. Miti yenye mirija myembamba iliyosambaa katika pete nzima, kama ile ya jenasi za Betula na Acer, huumia kwa kiasi kidogo tu, na baadhi yake husukuma maji kutoka mizizini mwanzoni mwa msimu na kuyafuta mapovu yaliyobaki.

Mwaloni hauna njia hiyo ya mkato. Kabla haujakunjua majani lazima ujenge pete mpya ya mirija mipana, na kwa kuwa bado hauna majani ya kutengeneza sukari, kazi yote hufanywa kwa wanga uliohifadhiwa mizizini na katika shina tangu mwaka uliopita. Kila mwaka, basi, huanza na deni. Bondeni deni hilo hulipwa haraka, kwa kuwa msimu ni mrefu. Mgongoni, majira ya kuchipua huchelewa kwa wiki kadhaa, majani ya mwaloni huchelewa hata kuliko ya miti iliyo jirani yake, na baridi ya vuli hurudi mapema. Mapato yanayobaki hugawanywa kati ya majani, mizizi, kinga dhidi ya wadudu, mbegu, na akiba ya wanga kwa ajili ya deni la mwaka ujao. Kurefusha shina huja karibu na mwisho wa orodha.

Kuchelewa huko si hasara tupu. Theluji ya ghafla ya mwezi wa Mei huwakuta wengine wakiwa na majani laini, huku mwaloni ukiwa bado umefunga matumba. Katika milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania, watafiti walipopanda pamoja mbegu za mwaloni wa Ulaya, Quercus petraea, zilizokusanywa katika miinuko tofauti, waliona kwamba tofauti za muda wa kuchipua hazikuletwa na hali ya hewa ya mahali peke yake, bali baadhi yake zilirithiwa. Jambo hili linatuonya tusiuone mwaloni wa mgongoni kama mwaloni wa bondeni ulioonewa tu. Sehemu ya umbo lake hutokana na mahali, na sehemu nyingine inaweza kuwa imechujwa vizazi kwa vizazi.

Kuna kifungo kingine kinachofuata kutoka kwenye muundo huohuo. Pete ya mwaloni ikiwa nyembamba sana, karibu yote huwa ni ile sehemu ya mwanzo yenye mirija mipana, na mbao nzito za kiangazi hukosa nafasi. Mafundi wa Ulaya wanalijua jambo hili kwa mikono yao: mwaloni uliokua polepole huchongeka kwa urahisi kuliko uliokua haraka. Mti wa mgongoni, kwa maana hiyo, hutengeneza mbao nyepesi na dhaifu zaidi kwa sababu hukua polepole, na hukua polepole kwa sehemu kwa sababu huvunjwa na barafu. Ukuaji mdogo huleta udhaifu, nao udhaifu huleta kuvunjika kunakopunguza ukuaji.

Udongo huongeza mzigo, ingawa si kwa kiwango kinachodhaniwa na wengi. Ni mchache juu ya mwamba na wenye tindikali, na mvua, ambayo juu ya Great Smoky Mountains huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, huosha kalisi na madini mengine. Majani yaliyoanguka huoza taratibu kwa sababu ya ubaridi, na nitrojeni hukaa imefungwa humo. Vichaka vya Ericaceae hushirikiana na kuvu maalumu walio hodari wa kuitoa nitrojeni katika takataka za namna hiyo, hivyo mwaloni hula mezani pamoja na mshindani mwenye mkono mrefu. Katika karne ya 20 mawingu yenyewe yalibeba asidi ya salfa kutoka mitambo ya umeme wa makaa, na migongo, ikiwa ndiyo inayoyachuja mawingu, ilipata sehemu kubwa kuliko mabonde. Baada ya marekebisho ya sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1990 kiasi hicho kimeshuka sana, lakini madini yaliyooshwa hayarudi kwa amri.

Umri, na ushahidi wa Dartmoor

Kimo hakisemi chochote cha kuaminika juu ya umri. Ushahidi maarufu wa jambo hili hautoki Appalachia bali Uingereza, katika msitu mdogo wa Wistman's Wood ulio juu ya nyanda za Dartmoor, Devon, takriban mita 400 juu ya bahari. Humo mialoni ya Quercus robur imekua kati ya mawe makubwa, ikiwa imepinda na kufunikwa na kuvumwani na miani. Mwaka 1866 Wentworth Buller alipata kibali cha kukata mti mmoja ili kuupima. Shina lilikuwa na kipenyo cha inchi 9, yaani sentimita 23 hivi, na pete zake zilionyesha umri wa zaidi ya miaka 160. Jiwe lenye maandishi ya tukio hilo lipo hadi sasa.

Wistman's Wood haumo juu ya mgongo wa mlima bali kwenye mteremko wa bonde la mto West Dart, kwa hiyo haifai kuuhamishia kila nilichosema juu ya upepo wa Appalachia. Thamani yake iko kwingine: ni msitu uliodumaa ambao watu wamekuwa wakiueleza kwa maandishi tangu karne ya 17, na baadaye kwa picha. Maelezo ya zamani yanazungumzia miti ambayo mtu angeweza kugusa kilele chake. Picha za mwishoni mwa karne ya 19 zinaonyesha miti mifupi kuliko ya leo, na tangu wakati huo msitu umepanuka hadi karibu mara mbili ya eneo lake. Miti iliyoota pembezoni katika kipindi hicho ina mashina yaliyosimama wima, tofauti kabisa na mikongwe iliyolala juu ya mawe. Mabadiliko ya ukali wa baridi tangu karne zile na kupanda na kushuka kwa idadi ya kondoo wanaokula miche ndiyo maelezo yanayotajwa zaidi, na ni vigumu kuyatenganisha. Kwa mada yetu inatosha kwamba spishi ileile, juu ya mawe yaleyale, ilitoa miti iliyokunjamana katika zama moja na miti iliyonyooka katika zama nyingine. Kudumaa kuna tarehe ya kuanza, na kunaweza kuwa na tarehe ya kwisha.

Kwa nini miti mingine haijaupora mgongo

Mwaloni mwekundu hauvumilii kivuli kizito. Mche wake unaweza kuishi miaka kadhaa chini ya msitu uliofunga, lakini hauwezi kupanda juu bila mwanga. Mabondeni hili ni tatizo kubwa, kwa sababu tangu moto wa misituni ulipoanza kuzimwa kwa bidii katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, miti inayovumilia kivuli, hasa mepo mwekundu, Acer rubrum, imejaza nafasi za chini. Gregory Nowacki na Marc Abrams walieleza mwaka 2008 jinsi msitu wa namna hiyo unavyojiongezea ubaridi na unyevu, ukawa mgumu kuwaka, na kwa hiyo ukazidi kuwapendelea wapenda kivuli.

Mgongoni mambo yanakwenda kinyume kwa kiasi fulani. Matawi yakivunjika kila baada ya miaka michache, dari la msitu halifungi. Mwanga hufika chini, nyasi za jamii ya ndago, hasa Carex pensylvanica, hutanda, na mwaloni, ambao huchipua upya kutoka shinani na mizizini bila kuchoka, hubaki na faida juu ya mti unaotegemea shina moja refu. Ndege na maua ya mahali penye mwanga huupata humo: ndege Vermivora chrysoptera, anayepungua sana katika Appalachia, hutafuta misitu iliyo wazi ya aina hii, na yungiyungi adimu Lilium grayi huota kwenye kingo zake.

Mbegu ni sura nyingine. Tunda la mwaloni mwekundu huchukua misimu miwili ya kiangazi kukomaa, hivyo baridi ya ghafla inaweza kuliharibu katika mojawapo ya majira mawili ya kuchipua, na tunda ni zito, kwa hiyo likianguka juu ya mgongo huelekea kubingirika kushuka. Kama mwaloni ungetegemea mvutano wa dunia peke yake, ungekuwa umeshaondoka juu. Anayeurudisha ni ndege wa jamii ya kunguru, Cyanocitta cristata, anayezika matunda kwa akiba na kuyasahau baadhi. Utafiti uliofanywa Blacksburg, Virginia, na kuchapishwa mwaka 1981, ulikuta ndege hawa wakibeba zaidi ya nusu ya matunda ya mialoni iliyochunguzwa, kwa umbali wa wastani wa kilomita moja na ushei.

Picha hii yote ina doa moja kubwa la kihistoria, ambalo mgeni hawezi kulibaini kwa macho. Kabla ya karne ya 20 migongo mingi ya mialoni ilikuwa pia ya mchesinati wa Marekani, Castanea dentata. Kuvu kutoka Asia aitwaye Cryphonectria parasitica aligunduliwa New York mwaka 1904, akashuka kusini kufuata milima, na kufikia katikati ya karne alikuwa ameua miti inayokadiriwa kuwa kati ya bilioni 3 na 4. Mizizi yake bado inachipua chini ya mialoni, na machipukizi hufa kabla ya kuwa miti. Mwaloni ulirithi sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na dubu weusi, waliokuwa wakinenepea matunda ya mchesinati yaliyopatikana karibu kila vuli, walibaki wakitegemea mavuno ya mwaloni ambayo mwaka mmoja hujaa na mwingine hukosekana. Ng'ombe nao walichungwa migongoni kila kiangazi katika karne ya 19, wakizuia vichaka, hadi hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains ilipoanzishwa mwaka 1934. Nguruwe mwitu walioletwa Hooper Bald, North Carolina, mwaka 1912 kwa ajili ya uwindaji walitoroka, na vizazi vyao vinaendelea kufukua ardhi na kula matunda ya mialoni. Nondo Lymantria dispar, aliyetoroka Massachusetts mwishoni mwa miaka ya 1860, alifika migongo ya Shenandoah, Virginia, katika miaka ya 1980 na kuiacha mialoni mingi bila majani. Mti wa bondeni huweza kulipia majani mapya kutoka akiba yake. Wa mgongoni, ambaye akiba yake tayari imewekwa rehani kwa ajili ya mirija ya mwaka ujao, hufa kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo kuulinda msitu huu kwa kuuzungushia mpaka na kuuacha, kama inavyowezekana kwa misitu mingine, ni uamuzi wenye matokeo. Bluff Mountain katika kaunti ya Ashe, North Carolina, ni hifadhi ambamo msitu mfupi wa mwaloni mwekundu na mwaloni mweupe uko jirani na kinamasi adimu cha mlimani, na humo upepo na barafu bado vinafanya kazi yao bila kusaidiwa. Mahali ambapo uwazi uliletwa na ng'ombe au moto, na si na barafu, vichaka vinaongezeka. Great Smoky Mountains imeamua kuyatunza kwa kufyeka maeneo mawili tu ya nyasi, Gregory Bald na Andrews Bald, na kuyaacha mengine yarudi msituni, jambo ambalo naliona ni la busara kwa kuwa linakiri kwamba nguvu kazi ina mwisho.

Mabadiliko ya tabianchi yanaweza kuugeuza mzani kwa pande mbili. Majira ya baridi mafupi yangeipunguzia mialoni deni la mirija na kuirefusha, kama huenda ilivyotokea Dartmoor, na msitu mrefu zaidi ungefunga dari na kuwakaribisha wapenda kivuli. Lakini majira ya kuchipua yanayokuja mapema kisha kurudiwa na baridi ya ghafla yangeunguza majani ambayo zamani yasingekuwa yamefunguka. Kwa kuwa mwaloni mkongwe unaweza kusimama zaidi ya miaka mia baada ya hali kubadilika, kimo cha miti iliyopo ni kipimo kibovu cha mwelekeo. Kinachopaswa kuhesabiwa ni miche iliyo chini yake: ni mingapi ni ya mwaloni, ni mingapi ni ya mepo, na ni ipi kati yake inayofikia kimo cha goti kabla barafu au mnyama hajaikata.